Kuchagua Impakti kwa Mkono Unaochoka

Wadogo zangu mnaotoka chuoni na kuingia saiti, mnaniuliza swali lilelile: dada, tununue impakti gani? Mnanitumia picha za maboksi na mnataka jibu la neno moja. Mimi sijawahi kuwa na jibu la neno moja. Hata nikiulizwa chai au kahawa, nafikiria kwanza nililalaje jana. Lakini nitajaribu, kwa sababu nimestaafu, na mstaafu hana kazi nyingine ila kukumbuka.

Msicheke. Nina miaka thelathini na miwili, na wastaafu mnaowajua ninyi wana mvi na pensheni. Mimi nina mkono wa kulia usiopanda kupita kidevu. Nilifunga dari na makabati hapa Kigali tangu nilipopokea cheti cha uhandisi wa majengo na kukuta hakuna ofisi iliyokuwa ikinisubiri, mpaka mkono uliponiambia basi. Sasa nakaa kwenye ofisi moja Muhima, nawahesabia watu wengine mbao na bodi, na kipanya cha kompyuta kiko upande wa kushoto. Karibu yote ninayoyajua kuhusu mashine hizi nilijifunza nikiitafuta moja tu, ile ambayo ingeniruhusu kubaki juu ya ngazi.

Kwanza mjue mnanunua nini. Drili ya kawaida inazungusha tu. Skrubu ikigoma kwenye chuma au kwenye fundo la mbao, drili haikubali kushindwa, inakuzungusha wewe. Impakti ina nyundo ndogo ndani yake. Skrubu ikigoma, ile nyundo inaanza kuigonga huku ikiizungusha, ta-ta-ta-ta, na skrubu inaingia bila kifundo cha mkono wako kupindishwa. Kelele yake ni mbaya, na msipoziba masikio mtakuja kuniuliza nilisema nini. Lakini kifundo kinapona. Nilifanya kazi na fundi mmoja, Mzee Anastase, Mnyarwanda aliyekulia Bujumbura, na yeye alinieleza jambo hilo siku yangu ya kwanza, baada ya drili ya waya kunizungusha juu ya ngazi mpaka nikaikumbatia nguzo.

"Drili iko kama mbuzi wa sokoni," alisema, akinishikia ngazi. "Ukimshika vibaya anakupeleka kwake."

"Na impakti?"

"Impakti iko mbwa. Anabweka sana, lakini anakujua."

Mzee Anastase alikuwa na umri wa baba yangu na mkono kama boriti. Aliniita Enjenia, mwanzoni kwa dhihaka, baadaye kwa mazoea. Tulielewana kwa Kiswahili kwa sababu mimi nilikulia Ngara, na Kinyarwanda changu wakati ule kilikuwa kinachekwa hata na watoto. Kifaransa chake nacho sikukiweza. Basi yeye akasema Kiswahili cha Bujumbura, mimi cha shule ya Tanzania, na kila mmoja alimwona mwenzake anasema vibaya.

Mashine yangu ya kwanza niliichagua kwa namna ambayo nyote mtaichagua msipoangalia: kwa namba kubwa. Nilisoma kwa majuma. Nilichora jedwali. Nililinganisha nguvu za kusokota za mashine ambazo hata hazikuwa zikiuzwa hapa mjini. Mwishoni nikanunua iliyokuwa na namba kubwa kuliko zote, ya volti kumi na nane, na betri nene kama tofali la chumvi. Nilikuwa na hofu ya kukosa nguvu. Sikuwahi kujiuliza kama ninaweza kuwa na nguvu iliyozidi.

Tuliipeleka kwenye nyumba moja ya ghorofani karibu na Sonatubes, kufunga dari ya jipsamu. Skrubu ya kwanza niliyoifunga ilipita kwenye bodi kama kidole kinavyopita kwenye chapati ya moto. Ya pili vilevile. Nikadhani bodi ni mbovu, nikahamia bodi nyingine, nikaitoboa nayo. Mwenye nyumba, mama mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, akatazama juu.

"Haya matundu ni ya nini?"

Nilikuwa nimefungua mdomo kumweleza habari za karatasi ya bodi na kina cha kichwa cha skrubu. Mzee akaniwahi.

"Madame, nyumba nayo iko inapumua."

"Ya jirani yangu haipumui."

"Ndiyo maana wanakoroma," Mzee akasema, naye mama akacheka, tukapata nafasi ya kuziba matundu.

Tulipobaki wawili aliichukua mashine yangu, akaipima mkononi, akaitazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa kurithi. "Hii iko ya kufunga daraja, Enjenia. Sisi tunafunga dari."

Kwa hiyo shikeni hili. Impakti ni ya fremu za chuma, mbao, makabati, bawaba, skrubu ndefu. Kwenye bodi ya jipsamu tumieni drili yenye klachi, ile pete yenye namba shingoni, inayoacha kusokota skrubu ikifika. Kama mna pesa ya mashine moja tu na ni impakti, basi iwe na kasi zaidi ya moja na kitufe kinachotii kidole: ukikibonyeza kidogo, iende kidogo. Dukani bonyezeni polepole kabisa na mtazame ncha. Ikiruka kama panzi, rudisheni rafuni hata muuzaji akisema nini. Na biti, zile ncha zinazoshika skrubu, ziwe zilizotengenezwa kwa ajili ya impakti, maana za kawaida hukatika, na kipande kinachokatika huwa hakisemi kinaelekea wapi.

Uzito ndio uliokuja kunisumbua zaidi. Boksi linaandika uzito wa mashine bila betri, jambo ambalo ni sawa na kumpima mtu bila miguu. Mimi sikuamini namba hata moja, kwa hiyo nikawa naazima mashine za mafundi wenzangu na kuzipeleka soko la Kimironko, kwa dada anayeuza maharage, ili anipimie kwenye mizani yake pamoja na betri. Mara ya kwanza alidhani nimechanganyikiwa. Mara ya tatu alinizoea.

"Kilo na kitu," alisema, akiiweka ile mashine katikati ya vikopo vyake. "Nikuongezee kidogo?"

"Hapana, nataka ipungue."

"Mteja wa kwanza kuniambia hivyo tangu nizaliwe."

Wenye kununua maharage walicheka, mimi nikacheka nao. Lakini nilikuwa nimeanza kuogopa. Asubuhi zile nilikuwa naamka vidole vikiwa na ganzi, na ilinibidi nitikise mkono kama mtu anayefukuza nzi ndipo urudi kuwa wangu. Kikombe kilikuwa kimeniponyoka. Skrubu ndogo nilikuwa naziokota kwa mkono wa kushoto na kujiambia ni mazoea. Mnajua jinsi msomi anavyojidanganya: hasemi "siumwi", anasema "nahitaji kifaa bora". Kila bega liliponichoma nilifungua simu na kusoma habari za mashine nyepesi zaidi.

Betri nazo niwaambie, maana hapo wengi mnaangukia. Hapa kwetu saiti nyingi ziko mlimani na hazina umeme bado, au kuna mita na kashipawa, ule umeme wa kulipia kabla, imekwisha, na mwenye nyumba hapatikani kwenye simu. Ndiyo sababu tunatumia za betri. Nunueni mashine ya ukoo ambao betri zake zinaingia kwenye drili, kwenye msumeno na kwenye taa, na ambazo mkienda dukani mwakani mtazikuta. Mashine nzuri ambayo betri yake haiuzwi hapa ni jiwe lenye kitufe. Muwe na betri ndogo na kubwa. Ndogo ni ya kupanda nayo juu, kubwa ni ya kazi za chini, sakafuni, kwenye kabati. Betri kubwa inafanya kazi nusu siku bila kuchajiwa, na mkono unaoinyanyua unailipia kila dakika ya hiyo nusu siku.

Na siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, majirani wakija kuwaazima mashine kurekebisha paa la mjane au mlango wa ofisi ya kijiji, toeni, msiwe na roho mbaya. Ila nendeni nayo wenyewe. Mtu asiyelipia betri huwa haachi kubonyeza.

Nilikwenda kituo cha afya wakati bega lilipokataa kunifungia sidiria. Wakanipeleka hospitali, na daktari, mwanamke kijana kama mimi, akaunyanyua mkono wangu kwa upole mpaka nikamshika kiwiko kumzuia.

"Unafanya kazi gani?"

"Nafunga dari."

"Mikono juu siku nzima?"

"Na mashine inayogonga," nikasema. Nikaanza kumweleza kwamba nilikuwa nimeona dukani mashine nyepesi zaidi, yenye mota fupi, isiyotikisa sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mshipa wa begani umechanika kiasi," alisema. "Ukipumzika, utabaki na mkono wa kula na kuandika. Ukiendelea kuupandisha, hutachana nywele zako mwenyewe."

"Hata mashine ikiwa nyepesi sana?"

"Dada, sijui mashine. Najua bega."

Nilitoka pale nikiwa nimesikia neno moja tu, kwamba hajui mashine. Niliona bado kuna mlango. Kama hajui mashine, basi hajui kuna moja ambayo mkono wangu ungeiweza. Niliwaza hivyo njia nzima, na nilipofika nyumbani nikawaza upya kuanzia mwanzo.

Tulikuwa na kazi Kimironko wakati huo, nyumba ya familia iliyokuwa inataka kuhamia kabla ya mvua. Vyumba vilikuwa tayari, sebule ilikuwa bado wazi, fremu nusu. Ile mashine yangu ya daraja tulikuwa tumeiuza zamani, na ya Mzee ilikuwa imekufa mota, brashi zimeisha, inanuka kama nywele zilizoungua. Tulihitaji mashine moja ya wote wawili. Nikamwambia Mzee maneno ya daktari, na nikamwambia na mpango wangu wa kununua mashine nyepesi. Hakubishana. Alisema tu, "Twende Muhima tuione hiyo mashine."

Sasa niwaeleze namna yake ya kuchagua. Mzee hasomi boksi. Alifundishwa na bwana wake huko Bujumbura, wakati ambapo fundi hakuwa na saa wala mashine ya pili ya kulinganisha. Anaingia dukani, anaomba mashine yenye betri ndani, anainyoosha juu ya kichwa kana kwamba kuna dari, halafu anasali fungu moja la rozari kimyakimya: Baba Yetu, kisha Salamu Maria zake kumi, kwa mwendo wa kanisani. Midomo inacheza tu. Fungu moja linatosha kufunga kipande cha fremu bila kushusha mkono. Ncha ya mashine ikianza kuyumba kabla ya kumaliza, anairudisha na kushukuru. Nilimcheka nilipoiona mara ya kwanza. Baadaye, katika majedwali yangu yote, sikupata kipimo kilichokuwa kinapima mkono na mashine kwa pamoja.

Mama Keza, mwenye duka, amekulia Kampala na ni mlokole. Alikuwa amenizoea kuliko ninavyopenda.

"Enjenia amekuja kusoma ama kununua?"

"Leo tunanunua," Mzee akajibu.

"Yee! Basi nifunge mlango tufanye ibada ya shukrani."

Akatutolea tatu. Nikaenda moja kwa moja kwenye ndogo, ya volti kumi na mbili, ambayo betri yake inaingia ndani ya mshikio. Ilikuwa nyepesi kama pasi ya kuchezea. Moyo wangu ukaruka. Nikasema ndiyo hii, na Mzee akasema, "Tupime." Akasimama kando yangu. Nikainyoosha juu, maumivu yakanikata kuanzia shingoni, nikayaacha yapite. Safari hii alisali kwa sauti.

Baba Yetu ilikwenda vizuri. Salamu Maria za kwanza zilikwenda vizuri. Kisha ganzi ikaanza kupanda kutoka kidole kidogo, na nikaona ncha ya biti inachora duara dogo kwenye dari ya duka, halafu duara kubwa zaidi. Nikauma meno. Nilikuwa nahesabu kwa kichwa na kujiambia bado kidogo. Ndipo niliposikia kwamba maneno ya Mzee yameanza kufuatana bila pumzi. "Neema" ilikuwa imemezwa. "Saa ya kufa kwetu" ilipita kama gari la mawe. Aliikamata Salamu nyingine kabla ile ya nyuma haijaisha.

"Mzee," Mama Keza akasema kutoka kaunta, "hiyo sala umeipandisha moto?"

Mzee hakupunguza mwendo. Alikuwa amefumba macho na jasho limemtoka kwenye paji, mtu ambaye hajawahi kutokwa jasho kwa kunyanyua kitu. Nikamwelewa. Nikashusha mkono.

Akafumbua macho. "Ilikuwa bado kidogo tu. Ungemaliza."

"Ulikuwa unakimbia, Mzee."

Akaishika biti moja pale kaunta, akaigeuzageuza. "Bikira Maria iko anasikia hata ya haraka."

"Dari haisikii."

Mama Keza aliacha kucheka. "Mwihangane," alisema polepole, neno ambalo huku tunawaambia waliofiwa na waliojikwaa, bila kutofautisha.

Nilisimama pale nikingoja kichwa changu kianze kazi yake ya kawaida, kutafuta mlango mwingine, mashine nyingine, ngazi ndefu zaidi, mkono wa kushoto. Hakikuanza. Kulikuwa kimya humo ndani, kwa mara ya kwanza tangu nianze shule. Nikamtazama Mzee mkono. Kiganja kipana, kidole cha shahada kigumu, hakikunjiki vizuri tangu msumeno ulipompata ujanani. Ile ndogo ingepotea ndani ya mkono ule, na kitufe chake chembamba kingemtesa. Nikachukua ya katikati, yenye kichwa kifupi na kitufe kipana, nikaitoa betri nene, nikaweka nyembamba, nikampa.

"Inyooshe."

"Mimi?"

"Inyooshe, Mzee."

Mimi si Mkatoliki. Kule Ngara tulikuwa Waanglikana, na sala ile niliijua kwa kuisikia tu kwake, saiti. Niliisali kwa sauti, neno kwa neno, kwa mwendo wa kanisani, na pale nilipokosea alinisahihisha bila kushusha macho. Ncha ya mashine haikucheza. Nilisali hata nyingine ya ziada, sijui kwa nini, na bado haikucheza.

"Tufungie hii," nikamwambia Mama Keza.

"Bila kuuliza swali? Enjenia, unaumwa?"

"Naumwa," nikasema.

Nje, Mzee alitoa mashine na betri kwenye boksi, akavitia kwenye mfuko wake wa kazi, kwa sababu boksi halipandi kwenye moto, pikipiki ya abiria. Alikuwa na haraka ya sebule ya Kimironko. Kijana wa moto alikuwa ameshampa kofia. Akageuka.

"Nani atanishikia bodi?"

Nilimtajia fundi mmoja anayemfahamu. Akatikisa kichwa kwamba huyo anafaa. Kisha akanipa boksi tupu, na ndani yake kile kitabu cha maelekezo kikiwa bado kwenye nailoni. "Shika. Weye ndiye unapenda kusoma." Akavaa kofia, akaondoka.

Nilikaa kwenye ngazi za duka, boksi magotini, nikakisoma kitabu chote. Nilisoma maonyo, nikasoma namna ya kuchaji na namna ya kutupa betri iliyokufa, nikasoma hata kurasa za lugha nisizozijua, nikifuata herufi kwa kidole cha kushoto. Karibu na mwisho kulikuwa na mchoro wa mtu asiye na uso, amesimama juu ya ngazi na mashine mkononi. Nilimtazama kwa muda mrefu. Mkono wake ulikuwa umenyooka kabisa.